Mpaka Uulizwe Mara ya Tatu

Kule Lick Branch, bonde lililojibanza katikati ya milima ya mashariki ya Kentucky, ukifika kwa mtu ukakuta wanakula, utaambiwa uvute kiti. Utasema hapana, asante, nimeshiba. Hata kama tumbo linanguruma mpaka mbwa wa nyumba anageuka kukutazama, utasema umeshiba. Mwenyeji atakukaribisha tena, nawe utasema hutaki kuwasumbua. Akikukaribisha mara ya tatu, hapo sasa utasema basi, kidogo tu, na utakula maharage na mkate wa mahindi mpaka sufuria ikwanguliwe. Anayekubali mara ya kwanza ni mroho. Anayeacha kukaribisha baada ya mara ya kwanza ni bahili. Hakuna anayefundishwa haya darasani, na mimi siioni kasoro yake hata kidogo. Ni adabu nzuri. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba inataka watu wawili wanaoijua.

Brenna Sizemore alilelewa kwa adabu hiyo na bibi yake, Delphia, na ikamkolea hasa. Wakati wa mambo haya alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano, akipima watu presha na kuwatoa damu katika zahanati ya mji mdogo ulio mdomoni mwa bonde. Alichotaka ni kuwa daktari. Zahanati yenyewe haikuwa na daktari wa kudumu tangu yule wa zamani astaafu. Walikuja wa kupokezana, na kila mmoja alipoanza kuzijua sura za watu, muda wake ukawa umekwisha. Brenna aliomba vyuo vya udaktari mwaka uliopita, vyote vikamkataa. Mwaka huu aliomba tena, kikamwita kimoja tu, chuo cha jijini, aende kwenye usaili. Alama zake za mtihani wa kuingilia zilikuwa zinakaribia kupitwa na wakati, na mtihani ule haukuwa kitu ambacho mtu anakifanya mara mbili akabaki na akili timamu. Chuo hicho kikimkataa, basi, ndoto imeishia hapo. Angerudi kupima presha za wenzake mpaka ya kwake nayo ianze kupanda.

Aliyemtayarisha ni Verna Napier, nesi mkuu wa zahanati. Verna alikuwa binamu wa marehemu baba wa Brenna, na Brenna alimwita shangazi. Mwanamke huyu alikuwa na maoni juu ya kila kitu na aliyagawa bure.

"Mwishoni watakuuliza kama una swali," alimwambia, huku akipanga chupa za chanjo kwenye friji. "Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wewe sema ndiyo, ninalo. Na usiulize kitu kilichoandikwa kwenye tovuti yao, watajua hukusoma."

"Nikiuliza ada?"

"Ada imeandikwa. Uliza kitu ambacho lazima mtu akujibu kwa kinywa chake. Waulize mwanafunzi anaanza lini kukaa na wagonjwa, siyo kuwachungulia tu mlangoni. Waulize anayelemewa na masomo anashikwa mkono na nani, au anaachwa azame. Waulize wanaomaliza wanakwenda kufanya kazi wapi. Halafu huyo anayekusaili, muulize yeye mwenyewe angepewa rungu angebadilisha nini pale chuoni. Hilo la mwisho ni tamu. Watu wanapenda kulalamika, hujawapa tu nafasi."

Brenna akayakariri. Aliyasema garini, akayasema akiwalisha kuku, akayasema akioga, mpaka Bibi Delphia akagonga mlango wa bafu.

"Unaongea na nani humo?"

"Na daktari, Bibi."

"Basi mwache avae kwanza."

Siku ilipofika Brenna aliendesha gari kutoka milimani mpaka jijini akiwa amevaa suti aliyoazimwa na Verna, imebana mabegani. Aliyepangiwa kumsaili alikuwa Daktari Lindqvist, bingwa wa moyo, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe na sauti ya chini, mzaliwa wa kaskazini kabisa ambako kuna theluji na maneno machache. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa na kiti kimoja cha mgeni.

Usaili ulikwenda vizuri, na hilo ndilo linalouma. Alimuuliza kwa nini anataka udaktari, Brenna akamjibu bila kuremba. Alimuuliza kuhusu kazi yake ya zahanati, akasimulia mpaka yule mzee akatabasamu mara mbili. Alimuuliza angefanya nini akimwona mwanafunzi mwenzake anadanganya, akajibu kitu cha maana. Moyo wake ulianza kutulia. Ndipo Daktari Lindqvist alipoegemea nyuma ya kiti chake.

"Sasa ni zamu yako," alisema. "Una swali lolote la kuniuliza?"

"Hapana, bwana, asante," alisema Brenna. "Niko sawa kabisa."

Mdomo ulishafanya kazi yake kabla akili haijaamka. Lakini hata akili ilipoamka haikushtuka, maana kwake yeye mambo yalikuwa yanakwenda kama yanavyokwenda siku zote. Alikaa pale akitabasamu, mikono mapajani, maswali yake manne yamejipanga nyuma ya meno, akingoja aambiwe haya, hata moja tu. Angekataa tena kidogo, kisha angeuliza. Daktari Lindqvist naye alitoka katika watu ambao wakisema hapana maana yake ni hapana. Alifunga kalamu yake, akasimama, akampa mkono, akamtakia safari njema. Brenna alijikuta kwenye korido, na mlango umefungwa nyuma yake.

Alisimama pale akiutazama ule mlango. Alijua kuna kitu kimemponyoka, ila hakujua ni kikubwa kiasi gani.

Alikuja kujulishwa na Tobias, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepangiwa kuwatembeza wageni na kula nao chakula cha mchana. Tobias alikuwa kijana mchangamfu, na wachangamfu wana hasara yao, husema kila wanachokijua.

"Umemuuliza nini Lindqvist?" alimuuliza wakiwa mezani. "Maana kwake swali la mwisho ndilo usaili wenyewe. Mengine anasema mtu yeyote anaweza kuyakariri. Mtu asipouliza kitu, yeye huandika kwamba huyu hana hamu na chuo chetu. Mwaka wangu alimwangusha jamaa mmoja kwa hilo hilo."

Brenna aliweka uma chini. Aliomba radhi, akatoka nje kwenye ngazi za jengo, akampigia Verna.

"Nilimwambia sina swali," alisema.

Upande wa pili mlango wa friji ukasikika ukifungwa.

"Brenna. Niambie unanitania."

"Nilisema hapana, asante, niko sawa."

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja? Na hao ndio wanaitwa wasomi?" Verna akapumua kwa nguvu. "Hapana, kosa ni langu. Nimekufundisha maswali nikasahau kukufundisha uroho. Ona sasa. Umemfanyia huyo daktari kile kile wanachotufanyia wagonjwa hapa kila siku. Daktari mgeni anauliza, una swali? Hapana, dokta, niko sawa. Haya, anatoka. Halafu mtu huyo huyo ananivizia kwenye maegesho nikiwa na mifuko yangu ya dukani mkononi, ananiuliza kama dawa ya kifua inapakwa au inanywewa."

Maneno yale Brenna aliyajua, alishayaona kwa macho yake mara nyingi. Ila hakuwahi kuyaona akiwa amekalia kile kiti cha mgonjwa yeye mwenyewe.

"Rudi ukamuulize," alisema Verna.

"Shangazi, nimwendee mtu bila kuulizwa?"

"Najua."

"Ameshanipa mkono. Ameshaniaga."

"Najua, ni aibu. Bibi yako angejificha chini ya meza. Rudi hivyo hivyo."

Brenna alikaa kwenye ngazi kidogo. Ningependa kusema alijipa moyo, lakini hakujipa. Alipoinuka aliinuka kwa sababu kubaki pale kulikuwa kubaya zaidi. Alimtafuta Daktari Lindqvist ofisini kwake, hakumkuta. Akamkuta kantini, amekaa peke yake na bakuli la supu ya nyanya, anasoma kitu kwenye simu.

"Samahani, daktari," alisema. "Asubuhi uliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Ninalo."

Daktari Lindqvist aliinua nyusi zake nyeupe. "Usaili umekwisha, Bi Sizemore. Maoni yangu nimeshayatuma."

"Sikuja kwa ajili ya hayo."

Alikuwa amekuja kwa ajili ya hayo hayo, na nadhani wote wawili walijua. Lakini alipofungua mdomo kuuliza lile la kwanza kati ya manne, hakulikuta. Yote manne yalikuwa yametoroka. Lililobaki lilikuwa jingine kabisa, na alilitoa kama lilivyokuja.

"Wewe ukimuuliza mgonjwa kama ana swali, akakuambia hana, huwa unafanya nini?"

"Namshukuru, naenda kwa mwingine."

"Humuulizi tena?"

"Nimuulize tena kwa nini? Ameshasema hana."

"Kwetu huwa hatumaanishi," alisema Brenna. Uso ulikuwa unamwaka moto, ila alikwisha kuanza, akaendelea. Alimweleza habari ya kiti na maharage, ya mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Alimweleza kwamba mtu wa milimani akimjibu daktari kwamba yuko sawa, hajajibu kitu bado, ameonyesha adabu tu, na kwamba asubuhi ile ofisini alikuwa amekaa na maswali manne anangoja kubembelezwa. "Najua si kosa lako," alisema. "Hukujua. Ila nimetaka kujua kama yupo hapa anayemfundisha mwanafunzi kuuliza tena. Kama yupo, hicho ndicho chuo ninachokitaka."

Daktari Lindqvist aliacha kijiko ndani ya bakuli.

"Nina wagonjwa wengi kutoka milima yenu," alisema taratibu. "Siku zote nimewaita wagonjwa wepesi. Hawalalamiki. Hawaulizi."

"Si wepesi, daktari. Wanakungoja."

Daktari aliilaza simu yake mezani. Kisha akasema jambo ambalo Brenna hakulitarajia.

"Nami nina swali langu. Ukiwa mwanafunzi hapa, hakuna atakayekuuliza mara ya tatu. Chumba cha upasuaji kina haraka. Utaulizwa mara moja kama umeelewa. Ukisema uko sawa nawe huko sawa, atakayeumia si wewe wala mimi, ni yule aliyelala mezani. Mimi nitajifunza kuuliza tena, labda. Wewe utajifunza kusema mara ya kwanza?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimchoma. Brenna alitaka kulikwepa, akaona hakuna pa kupitia.

"Nimekuja mezani kwako bila kuitwa, wewe unakula," alisema. "Kwetu afadhali uibe kuku. Leo nimeweza. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi."

Mzee akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akaisukuma supu pembeni.

"Ghorofa ya tano nina mgonjwa anayerudi nyumbani leo mchana," alisema. "Anatoka upande wenu. Tulimpasua moyo wiki iliyopita. Asubuhi nimemuuliza kama ana swali, akasema yuko sawa kabisa. Nitamwomba ruhusa uingie nami. Akikataa, utanisubiri nje."

Mgonjwa hakukataa. Au tuseme alisema chumba kiko ovyo, na hajanyoa, na binti wa watu asije akaona vibaya, na Daktari Lindqvist akatoka nje na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Amekataa au amekubali?" alimuuliza Brenna.

"Mwambie tena," alisema Brenna. Daktari akarudi, akamwambia tena, wakaingia.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, amekaa kitandani na shati lake la safari tayari limefungwa vifungo mpaka shingoni. Jina lake Hobart Fugate. Hata hakumwangalia daktari.

"Wewe ni wa nani?" alimuuliza Brenna.

"Sizemore wa Lick Branch, mzee. Mjukuu wa Delphia."

"Delphia mke wa Crit? Yule aliyempiga mchungaji na ufagio?"

"Alikuwa hajajua kama ni mchungaji."

"Alijua," alisema Mzee Hobart kwa furaha kubwa. "Mimi nilikuwepo. Alijua vizuri."

Daktari Lindqvist alikuwa amesimama na mkono kwenye kitasa cha mlango, kama alivyozoea kusimama. Nadhani hata yeye hakujua kwamba husimama hivyo. Brenna alikitazama kiti kilichokuwa kando ya kitanda. Yule daktari akauachia mlango, akaja, akakaa.

"Mzee Fugate, unarudi nyumbani leo. Una swali lolote?"

"Aa, hapana, dokta. Niko sawa. Mmenitunza vizuri sana."

Daktari alimtupia Brenna jicho. Brenna alikuwa anaangalia nje dirishani.

"Hata kama ni dogo," alisema daktari. "Ningependa kulisikia."

"Una watu wengi wanakungoja, dokta. Nisikucheleweshe bure."

Daktari Lindqvist alikivuta kiti karibu, akaweka viwiko vyake magotini.

"Nimeshakaa," alisema. "Siendi popote. Unataka kujua nini?"

Mzee Hobart aliangalia mikono yake. Aliikunja shuka kidogo, akainyoosha, akaikunja tena.

"Haya, kwa kuwa umeuliza," alisema. "Yule nesi wa zamu ya mchana aliniambia mliusimamisha moyo wangu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Hatuwezi kuushona unaporuka."

"Ulisimama muda gani?"

"Zaidi ya saa moja."

"Saa nzima," alisema mzee. "Basi nilikuwa nimekufa."

Alipoendelea sauti yake ilikuwa imeshuka, na hakuwa anamtazama mtu.

"Maana sikuona kitu, dokta. Mama yangu amekufa. Mke wangu amekufa. Kijana wangu alibaki mgodini. Nimeimba kanisani maisha yangu yote kwamba siku hiyo watanipokea, na niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha nikafa saa nzima, na hakuja mtu. Hata mwanga wanaousema sikuuona. Ilikuwa giza tu, halafu mkaniamsha. Tangu siku hiyo nalala hapa ninalifikiria hilo. Chakula mnaniletea, sikipati utamu wake."

Brenna alihisi machozi yanampanda, na hakujali. Alimwona Daktari Lindqvist amebadilika rangi. Mtu yule alikuwa amepasua vifua vya watu kwa miaka mingi, na kila mara alikuwa amewauliza mara moja tu na kuondoka.

"Hukufa," alisema daktari. Alisogea karibu zaidi, akamshika mzee kifundo cha mkono. "Nisikilize. Kuna mashine, ukubwa wake kama friji. Wakati moyo wako umepumzika, mashine ile ndiyo iliyokuwa inazungusha damu yako, ikiipa hewa, ikiirudisha. Ubongo wako haukukosa damu hata dakika. Ulikuwa umelala usingizi wa dawa, na dawa ile haina ndoto. Mambo ya ng'ambo mimi siyajui, Mzee Fugate, na sitakudanganya kwamba nayajua. Ila hili nalijua. Huko hukwenda."

"Sikwenda."

"Hukwenda. Ulikuwa mezani kwangu muda wote. Nilikuwa nimekushika."

Mzee Hobart alifumba macho. Kifua chake kilichoshonwa kilipanda na kushuka.

"Basi ndiyo maana hawakuja," alisema. "Wangekujaje kumpokea mtu ambaye hajafika?" Akaanza kucheka huku analia, akajishika kifua kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Nimewakasirikia bure. Mke wangu nimemsema maneno ambayo ngoja nisiyarudie mbele ya binti huyu."

Baada ya hapo lango lilikuwa wazi. Aliuliza kama anaruhusiwa nyama ya nguruwe, na kama si yote basi ni sehemu gani. Aliuliza lini ataendesha gari lake, lini atapanda mlima kuwinda kindi, na kama waya waliomfungia mfupa wa kifua utashika kutu akinyeshewa. Daktari Lindqvist alijibu yote. Nesi alichungulia mara mbili kumkumbusha kwamba anasubiriwa kwingine, naye akamwambia wasubiri.

Walipotoka, daktari alitembea koridoni mpaka kwenye lifti.

"Nilikuwa nimeshatia saini aende nyumbani," alisema mwishowe. "Na lile jambo kichwani mwake. Angekaa nalo mpaka mwisho wake." Akabonyeza kitufe. "Siwezi kukuahidi chochote. Kamati ina watu wengi, na mimi ni mmoja. Ila nilichokisema juu yako asubuhi sikiamini tena, na nitakwenda kuwaambia kwa mdomo wangu."

"Asante, daktari."

"Yale maswali yako manne," alisema mlango wa lifti ulipofunguka. "Bado ningependa kuyasikia."

Safari hii Brenna hakungoja abembelezwe. Alimuuliza lile la mwisho kwanza, angebadilisha nini pale chuoni, na Verna alikuwa amesema kweli. Mzee alilalamika kutoka ghorofa ya tano mpaka ya chini, na kutoka hapo mpaka kwenye gari la Brenna.

Majira ya baridi yalipita. Brenna aliendelea kupima presha na kuruka kila simu ilipolia. Simu yenyewe ilikuja siku ya kawaida kabisa, akiwa jikoni kwa Bibi Delphia anamenya viazi. Mama mmoja wa chuoni, mwenye sauti ya kuimba, alimwambia kwamba kamati imempa nafasi, na akamuuliza kama angependa muda wa kufikiri.

"Ninaitaka," alisema Brenna. "Nimekubali. Andika nimekubali."

Alimpigia Verna, na Verna alipiga ukelele uliosikika mpaka nje ya zahanati, halafu akasema lazima ile suti irudi ikiwa imefuliwa. Brenna alilia, akacheka, akamweleza Bibi Delphia habari yote tangu mwanzo, ya kantini na ya Mzee Hobart, jinsi alivyomwambia bingwa wa moyo usoni kwamba mtu wa milimani lazima aulizwe tena na tena. Alijisikia mkubwa wakati anaisimulia, na nani angemlaumu.

Bibi Delphia alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkumbatia, maana si mtu wa kukumbatia. Alifuta mikono kwa aproni yake, akaenda kwenye kabati la vyombo, akaleta chupa tatu za vidonge, akazipanga mezani mbele ya mjukuu wake, moja baada ya nyingine.

"Hivi," alisema. "Navimeza kila asubuhi tangu aliponipa yule daktari wa zahanati mwenye masharubu. Ni vya nini?"

Brenna aliziangalia zile chupa. Alikuwa amezileta yeye mwenyewe kutoka duka la dawa, mwezi baada ya mwezi, akaziweka juu ya kabati.

"Bibi, nilidhani unajua."

"Hukuniuliza," alisema Bibi Delphia.

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomfanya Brenna akose pa kuangalia. Alikuwa amekaa nyumba moja na mwanamke huyu miaka yote, akala mezani pake, akampima presha kila Jumapili na kumwambia iko vizuri.

"Una maswali mangapi, Bibi?"

"Aa, hilo hilo tu. Maliza viazi vyako."

"Mengine yapo?"

"Sitaki kukuchosha, umechoka kwa furaha."

Brenna aliweka kisu chini, akavuta kiti cha pili, akamkalisha bibi yake. "Mengine yapo, Bibi?"

"Haya," alisema Bibi Delphia, akakaa sawasawa. "Tuanze na hiki cheupe."